Ndogo Kuliko Zote ni ya Nani? Ugomvi Wangu na Mstari Mmoja wa Python

Leo sina habari za simu mpya. Nina ugomvi. Kama umefika hapa ukitafuta namna ya kujua jina la mwenye thamani ndogo kuliko zote katika Python, utaipata, lakini kwanza itabidi unisikilize. Jibu linalogawiwa kila mahali ni jibu la uvivu, na mimi mwenyewe nililitumia nikaumiza watu nalo.

Jibu lenyewe unalijua. Mwanafunzi anauliza: nina orodha ya namba na orodha ya majina, nataka kujua namba ndogo kabisa ni ya nani. Swali zuri, kwa sababu ukiita min(gramu) unarudishiwa 0.3 basi. Haya, 0.3 ya nani? Python haisemi. Imekupa namba, imemtupa mwenyewe. Kabla kijana hajamaliza kuuliza, mabingwa wamemrukia. Mmoja anampa hii:

majina[gramu.index(min(gramu))]

Mwingine anasema hiyo ni ya kizamani, inapita kwenye orodha mara mbili, chukua hii:

min(zip(gramu, majina))[1]

Wa tatu anakuja na NumPy na argmin yake, kwa orodha ya watu 20, sawa na mtu anayekodi lori kubeba ndoo moja ya maji. Kisha wanaanza kupimana nani ana kasi zaidi, kwa mikrosekunde, wanabandika matokeo, wanatukanana. Mambo yakipoa, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana: na wakilingana je?

Utaniambia naongeza chumvi. Twende Macalder.

Kwa msomaji wa Tanga au Muscat asiyepajua: Macalder ni senta ndogo huko Nyatike, Kaunti ya Migori, magharibi mwa Kenya, unapoelekea Ziwa Victoria. Wakati wa ukoloni palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu. Ulifungwa miaka ya 1960, lakini dhahabu haikujua kwamba kampuni imeondoka, na watu wameendelea kuchimba hadi leo kwa sururu, ndoo na kamba. Sheria ya Madini ya 2016 ndiyo iliyowapa wachimbaji wadogo wadogo nafasi ya kuomba kibali kama watu wengine. Jiwe likitoka shimoni linapondwa, linasagwa kwenye mashine, unga wake unaoshwa kwenye karai, zebaki inatiwa ili ikamate dhahabu, kisha inachomwa. (Zebaki ni sumu na moshi wake ni sumu zaidi. Hiyo ni makala nyingine na nitakuwa mkali zaidi ya hivi.) Kinachobaki ni punje. Punje hiyo ndiyo ada ya shule, unga na deni la dukani.

Kuna kikundi kimoja huko, sitakitaja, chenye mashine yake ya kusaga. Watu wapatao 20, wanawake wengi kuliko wanaume. Mashine ni moja, foleni ni ndefu, kwa hiyo walijiwekea kanuni: Jumamosi kila mmoja anapimiwa dhahabu yake mbele ya wote, katibu anaandika, na aliyeleta kidogo kuliko wote anasaga wa mwisho wiki inayofuata. Mimi kanuni hiyo siipendi, kwa sababu anayesaga mwisho anaosha mwisho, na Jumamosi ikifika ana mawe ambayo hayajafika hata kwenye karai, kwa hiyo anarudi mkiani tena. Lakini kanuni ni yao. Walisema inazuia watu kushikilia foleni na magunia ya mawe matupu. Wao ndio wanaochimba, mimi nimekuja na kompyuta tu.

Waliniomba niwatengenezee programu ya kuhesabu, kwa sababu daftari lilikuwa limeanza kuleta maneno. Nikaandika usiku mmoja. Sehemu ya kumtafuta wa mwisho ilikuwa mstari mmoja, ule wa zip, na nilijisikia fundi kweli kweli.

Baada ya miezi kadhaa nikarudi. Mama mmoja wa makamo akanisubiri mpaka wengine wameondoka, akaniambia: "Nyathina, hebu niulize. Wiki ambayo mimi nimelingana na mwanamume, mbona hiyo mashine yako inanitaja mimi? Kwani imeolewa?"

Nikacheka. Nikamwambia mama, kompyuta haijui mwanamke wala mwanamume, humo ndani kuna namba tu. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyesema jambo la kitoto, akasema basi angalia.

Nikaangalia. Kila wiki ambayo mwanamke na mwanamume walilingana mkiani, programu ilimtaja mwanamke. Kila wiki. Hakukuwa na hata moja iliyokwenda upande mwingine.

Sasa nieleze, kwa sababu hapa ndipo penye ugonjwa. Ile zip inaunganisha gramu na jina kuwa jozi, kama (0.3, "Otieno"). Python ikilinganisha jozi mbili, inaanza na cha kwanza, yaani gramu. Gramu zikilingana haisimami kukuuliza. Inasonga kwenye cha pili, yaani jina, na kuamua kwa herufi. Na huko ni nchi ya Wajaluo. Majina mengi ya Kijaluo yanafuata wakati mtoto alipozaliwa au hali ya siku hiyo, na yanakuja mawili mawili: ya msichana inaanza na A, ya mvulana inaanza na O. Aliyezaliwa usiku ni Atieno au Otieno. Wa mchana jua likiwaka ni Achieng au Ochieng. Asubuhi ni Akinyi na Okinyi, mvua ikinyesha ni Akoth na Okoth. Pacha wa kwanza ni Apiyo au Opiyo, wa pili ni Adongo au Odongo. Si majina yote yanakwenda hivyo, lakini yanatosha. A iko mbele ya O. Kwa Python, herufi iliyo mbele ndiyo "ndogo". Kwa hiyo (0.3, "Atieno") ni ndogo kuliko (0.3, "Otieno"), leo, kesho na siku zote.

Yaani nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu, sheria isemayo mwanamke akilingana na mwanamume mwanamke ndiye wa mwisho. Sikuikusudia. Sheria ilikuwepo na ilikuwa ikifanya kazi kila Jumamosi. Aliyeiona si mimi wala si bingwa yeyote wa mikrosekunde. Aliiona mama mwenye karai.

Tena kuna kichekesho ndani yake. Herufi kubwa zote za Kilatini ziko mbele ya ndogo katika hesabu ya kompyuta, kwa hiyo wiki ambayo katibu amesahau akaandika "atieno" kwa herufi ndogo, Atieno anaruka nyuma ya Otieno na kuokoka. Kitu pekee kilichoweza kumtetea mwanamke katika programu yangu kilikuwa kosa la kuchapa.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimeshaambiwa. La kwanza: kulingana ni nadra, unatunga tatizo. Hapana, bwana. Katibu anaandika tarakimu moja tu baada ya nukta. Mavuno ya wiki kwa mtu mmoja, wiki ya kawaida, tuseme ni kati ya 0.2 na 1.5. Hesabu mwenyewe: hapo kuna thamani 14 tu. Watu 20 katika nafasi 14, lazima kuna waliolingana, hata malaika wakishuka kupima. Na wengi hujazana chini, si juu, kwa sababu bahati ni ya wachache. Popote unapokata vipimo kwa tarakimu chache, iwe alama za mtihani, nyota za hoteli au siku za kuchelewa kulipa, kulingana ndiyo hali ya kawaida. Wanaosema ni nadra wamezoea kujaribu programu zao kwa namba za kubahatisha zenye tarakimu 16.

La pili: basi acha zip, tumia index, yenyewe haitazami majina. Ni kweli haitazami majina. Inamchukua wa kwanza kwenye orodha. Na orodha imepangwa vipi? Ya kikundi kile ilipangwa kwa tarehe ya kujiunga. Kwa hiyo badala ya kuwaonea wanawake ingewaonea waanzilishi, waliochanga pesa ya mashine. Asante sana.

La tatu, na hili angalau linatoka kwa watu wanaoijua lugha: weka kila kitu kwenye kamusi, jina likielekea gramu, kisha andika

min(uzani, key=uzani.get)

Huu ndio mstari mmoja ulio bora, nakubali. Unarudisha jina, si namba, na hauchanganyi herufi na uzani. Hiyo key imekuwepo kwenye min tangu Python 2.5, mwaka 2006, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutoijua. (Ukiisahau ukaandika min(uzani) peke yake, utapata jina la kwanza kwa herufi: Achieng, hata kama Achieng ndiye aliyeleta nyingi kuliko wote.) Lakini wakilingana bado inamchukua aliyeingia kwanza. Nyaraka za Python zenyewe zinalisema hilo waziwazi, kwamba zikiwa kadhaa unapewa ya kwanza kukutwa. Python haijakudanganya. Wewe ndiye hukusoma.

Na hebu nikupe kioja cha historia. Zamani kamusi za Python hazikuwa na mpangilio wa kutegemewa. Kuanzia Python 3.3, mwaka 2012, kwa sababu za usalama, mpangilio wa funguo za maneno ukawa unabadilika kila unapoiwasha upya. Kwa hiyo kwa miaka ile michache mstari huo huo, kwa watu wale wale na gramu zile zile, ungeweza kumtaja huyu asubuhi na yule jioni. Bahati nasibu bila mtu kuitangaza. Kisha 3.6 ikaja Desemba 2016 na kamusi zinazokumbuka nani aliingia kwanza, na 3.7 mwaka 2018 ikaifanya kuwa sheria ya lugha. Watu wakashangilia, na mimi nilishangilia. Hatukuona kwamba dhuluma iliyokuwa ya kubahatisha sasa imekuwa ya kudumu.

Wanadamu wengine hukutana na kulingana vipi? Mwaka 2017 huko Virginia, Marekani, wagombea wawili wa kiti cha bunge la jimbo, Shelly Simonds na David Yancey, walihesabiwa kuwa na kura sawasawa, na udhibiti wa bunge lile ulitegemea kiti hicho. Januari 2018 majina yao yakatiwa kwenye vikopo vya filamu, vikopo vikatiwa kwenye bakuli, likachomolewa moja mbele ya kamera. Likatoka la Yancey. Kwa herufi angeshinda Simonds, S iko mbele ya Y. Fikiria ofisa wa uchaguzi angetoka nje akasema: ndugu zangu, tumetumia min, matokeo ndiyo haya. Pangewaka moto. Lakini kwa akina mama wa Macalder tunaona ni sawa, kwa sababu limetoka kwenye kompyuta.

Nilipoanza kuchokonoa nikapata lingine, na hili liliniuma zaidi.

Katibu huandika kwenye simu, faili inakuja kama CSV, na moduli ya csv ya Python inasoma kila kitu kama maneno, si namba. Ukiyalinganisha hivyo hivyo, ".4" ni ndogo kuliko "0.2", kwa sababu nukta iko mbele ya sifuri. Na nafasi iliyoachwa tupu ni ndogo kuliko kitu chochote duniani. Hilo mimi nililijua, fundi mimi, nikageuza maneno kuwa namba kwa float. Sasa float ikikutana na nafasi tupu inagoma. Nikafanya nini? Nikaandika sifuri. "Kama hakuna kitu, weka 0." Mstari mmoja mwingine.

Nafasi tupu ilikuwa nini? Ilikuwa mtu ambaye hakuja. Mama aliyelala hospitalini na mtoto wiki mbili. Programu ilisoma: gramu sifuri, mdogo kuliko wote, weka mwisho wa foleni. Wiki mbili mfululizo. Alipotoka hospitalini akakuta yuko mkiani kwa sababu ya kuuguza, na watu wakamwambia kompyuta ndiyo imesema.

Sifuri ni kipimo. Mtu amepimwa, akaonekana hana. Kutokuwepo si kipimo. Ukivichanganya, kila utafutaji wako wa "ndogo kuliko zote" utakwenda moja kwa moja kwa yule usiyemjua habari zake. Na usidhani zana kubwa zitakuokoa. Weka alama ya NaN mahali pa asiyepimwa: argmin ya NumPy itakuletea nafasi ya huyo huyo asiyepimwa. Ile idxmin ya pandas, kwa kawaida yake, itamruka na kukupa jina la mwenye kipimo. Na min ya kawaida itategemea: NaN ikiwa ya kwanza kwenye orodha inashinda, ikiwa katikati inapitwa kama haipo. Data ile ile, watu wawili tofauti mwisho wa foleni, kutegemea mwandishi alipenda maktaba gani.

Halafu kuna desimali. Mtu mmoja alipimiwa 0.3 mara moja. Mwingine alipimiwa mara mbili wiki ile, 0.1 na 0.2. Wamelingana, sivyo? Muulize Python 0.1 + 0.2. Atakuambia 0.30000000000000004. Kwa hiyo wa kwanza ndiye mdogo, kwa tofauti ya kitu ambacho hakuna mzani wa sonara utakaokiona. Dawa yake ni rahisi na ya kizee: hesabu kwa miligramu, namba nzima. 100 na 200 ni 300, na 300 ni 300.

Haya, umevumilia, chukua jibu lako. Asiyepimwa asiingie kwenye kamusi kabisa, awekwe kwenye orodha yake ya pembeni. Uzani uwe namba nzima. Kisha:

ndogo = min(uzani.values())
wa_mwisho = [jina for jina, mg in uzani.items() if mg == ndogo]

Mistari miwili, ndiyo. Inapita kwenye data mara mbili, ndiyo. Kwa watu 20 au 20,000 hutaona tofauti hata ukisubiri na saa mkononi. Siku ambayo hakuna aliyepimwa, min italalamika, na inafaa ilalamike. Jibu unalopata ni orodha ya majina hata kama jina ni moja, na anayeipokea analazimika kuamua: wakiwa zaidi ya mmoja nafanya nini? Ule mstari mmoja ulimnyima mtu swali hilo.

Uamuzi wenyewe haukuwa wangu. Nilikwenda na pendekezo, random.choice, kompyuta ichague kwa bahati. Wakakataa pale pale. Mzee mmoja alisema bahati iliyofichwa ndani ya simu si bahati, ni siri, na simu ni ya katibu. Sikuwa na la kujibu. Wakabishana kama saa nzima kwa Kijaluo kilichokuwa na kasi kuliko masikio yangu, wakaamua: waliolingana watachota vizibo vya soda kwenye kofia, kimoja kimepigwa msumari, na aliyechota chenye tundu ndiye wa mwisho. Asiyepimwa anabaki mahali alipokuwa wiki iliyopita.

Kwa hiyo programu sasa inafanya kazi kidogo kuliko mwanzo. Inaandika majina yote yaliyo mkiani, inaandika chini yake ambao hawakupimwa, inasimama. Jumamosi ya kwanza walitokea watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Katibu akavua kofia. Kizibo chenye tundu kikaangukia mkononi mwa yule yule mama aliyeniuliza kama mashine imeolewa. Akakigeuza geuza, akakionyesha kwa wote wakione tundu, akachukua ndoo yake na kwenda kukaa mwisho wa foleni.